Filamu ya kutisha: kabla ya kuisifu, jiulize imekufundisha kumwogopa nani

Mwambie mzee wa Kisauni au wa Mkomani kwamba kuna watu wanaokata tikiti ili wakatishwe, tena kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku, atakuuliza kama watu hao hawana madeni ya kuwatisha. Lakini jambo hilo lipo na lina wapenzi wake duniani kote. Kule Sitges, mji wa pwani nchini Hispania, kuna tamasha la filamu za kutisha na za ajabu lililoanza mwaka 1968. London wana FrightFest tangu mwaka 2000, ambalo hufanyika wikendi ya sikukuu ya mwezi wa Agosti. Hapa Afrika, mji wa Cape Town una tamasha lake la filamu za kutisha tangu mwaka 2005. Sisi Waswahili tunalo Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, ambalo tangu 1998 huonyesha picha ndani ya Ngome Kongwe. Hilo ni la filamu za kila aina, na tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu.

Vijana wetu wanazitazama sana filamu za kutisha, kwenye simu, kwenye vibanda vya video na vyumbani mwao chuoni. Wachache hukaa chini baadaye wakaulizana kama walichokiona kilikuwa kizuri au kibaya, na kwa nini. Leo nataka kueleza mambo mawili: wikendi ya filamu za kutisha inavyokwenda, na mtazamaji wa kawaida anavyoweza kuzihukumu filamu hizo kama anavyofanya jaji. Mfano wangu nitauchukua mbali na bahari, katika mtaa wa Ruring'u mjini Nyeri.

Kwa nini Ruring'u? Kwanza, wana wa Pwani wako huko. Wapo wanaosoma, wapo walimu, wapo watumishi wa serikali na wafanyabiashara waliohamia miji ya Mlima Kenya. Pili, na hili ndilo kubwa, watu wa Nyeri waliwahi kugeuzwa mazimwi kwenye sinema. Dunia ikalipa kiingilio kuwaogopa, huku wao wenyewe wakiteswa kwenye kambi, nyingine zikiwa huku kwetu Pwani. Hakuna mahali bora pa kujifunza kuihukumu filamu ya kutisha kuliko mahali ambapo hofu ya sinema iliwahi kuwagharimu watu.

Wikendi yenyewe inavyokwenda

Ratiba ya matamasha haya haitofautiani sana. Ijumaa usiku hufunguliwa kwa filamu moja kubwa inayojulikana, ili ukumbi ujae. Jumamosi ndiyo siku nzito. Mchana huonyeshwa filamu fupi za vijana wanaochipukia, jioni filamu ndefu mbili au tatu, na usiku wa manane ile kali kuliko zote. Jumapili huwa na mazungumzo na waongozaji, kisha filamu ya mwisho na tuzo.

Majaji huwa wachache, aghalabu watu watatu hadi watano, na huchaguliwa kwa kuchanganya: mwongozaji, mwandishi, mwigizaji, pengine na mhakiki. Hutazama filamu zote ukumbini pamoja na watu, kwa sababu filamu ya kutisha ni kama ngoma, huwezi kuipima ukiwa peke yako. Kuna tukio linalomtisha mtu mmoja sebuleni na kuwachekesha watu mia mbili ukumbini. Baadaye majaji hujifungia chumbani wakabishana. Mara nyingi kuna pia tuzo ya watazamaji, ambapo kila mtu hupewa kikaratasi akatoa alama anapotoka.

Hicho kikaratasi ndicho ninachokitaka mimi. Mtu mwenye kikaratasi mkononi hutazama tofauti na mtu aliyekuja kupoteza muda. Anajua ataulizwa, kwa hivyo hujiuliza mwenyewe kwanza.

Hofu hutengenezwa vipi

Kabla ya kutoa alama, ni vizuri kujua fundi anatumia vyombo gani. Hofu ya sinema hutokana na mambo matatu: kile usichokiona, kile unachokisikia, na muda unaosubirishwa.

Mfano wa kile usichokiona ni filamu ya *Jaws* ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, kuhusu papa anayeshambulia waogeleaji. Papa wa mitambo aliyetengenezewa filamu hiyo alikuwa akiharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi aonyeshwe kwa nadra. Ukosefu huo ukawa ndio uhodari wa filamu. Watu walikaa zaidi ya saa nzima wakiogopa maji matupu. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa: papa unayemwona yuko wapi ni nafuu kuliko yule usiyejua alipo.

Mfano wa sauti na kusubirishwa ni filamu ya *Cat People* ya mwaka 1942. Mwanamke anatembea peke yake usiku, nyuma yake anasikia hatua, kisha hatua zinanyamaza. Unangoja mnyama aruke. Kinachotokea ghafla ni basi linalofunga breki kwa mlio mkali mbele yake. Watu waliruka vitini kwa sababu ya basi! Tangu hapo waongozaji wameiga mbinu hiyo maelfu ya mara.

Hapa jaji anapaswa kutofautisha kushtuka na kuogopa. Kushtuka ni kazi ya sekunde moja. Hata mlango ukibamizwa na upepo utashtuka, na hakuna ustadi ndani yake. Kuogopa ni kule kwenda nako nyumbani, ukafika ukawasha taa zote kabla ya kuvua viatu. Filamu nyingi za siku hizi hushtua mara ishirini na haziogopeshi hata mara moja.

Maswali matano ya kikaratasi

Haya hapa maswali ninayopendekeza. Manne ya kwanza yana alama 15 kila moja. La tano lina alama 40 peke yake, na nitaeleza sababu.

La kwanza: je, hadithi inasimama? Ukiondoa damu na makelele, je, bado kuna kisa ambacho ungemsimulia mwenzako?

La pili: je, watu wake ni watu? Ukiona kijana anaingia pango lenye giza huku anaambiwa asiingie, ni lazima uwe umeelewa kwa nini anaingia. Vinginevyo si mtu, ni mbuzi wa kafara wa mwandishi.

La tatu: je, picha na sauti zimefanya kazi, au mwongozaji amejificha nyuma ya muziki mkubwa?

La nne: je, hofu imebaki nawe baada ya taa kuwaka?

La tano: je, filamu imekufundisha kumwogopa nani, na je, huyo anastahili kuogopwa?

Swali hili la mwisho lina uzito kwa sababu filamu ya kutisha hufanya jambo ambalo filamu ya mapenzi au ya vichekesho haifanyi. Inakuonyesha kiumbe fulani na kukwambia: huyu akifa, furahi. Usipokuwa macho utafurahi kabla hujamjua ni nani.

Watu wa Nyeri walipogeuzwa mazimwi

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Vita vya Mau Mau vilikuwa bado vinapiganwa katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakati filamu ya Kiingereza iitwayo *Simba* ilipotoka mwaka 1955, ikiongozwa na Brian Desmond Hurst na Dirk Bogarde akiwa nyota wake. Haikuitwa filamu ya kutisha. Lakini itazame uone vyombo vyake.

Inafunguka kwa Mwafrika anayeendesha baiskeli njiani. Anamkuta Mzungu amelala kando ya barabara, amejeruhiwa. Anashuka, anamsogelea. Mtazamaji anapumua: msaada umefika. Kumbe mwendesha baiskeli ana panga, na anammaliza. Kiufundi ni tukio kali sana. Ni kama lile basi la *Cat People*, isipokuwa hapa kilichotolewa gizani ni mtu mwenye rangi, kabila na nchi. Kuanzia dakika hiyo mtazamaji wa London amefundishwa kwamba Mwafrika yeyote anayemsogelea, hata kwa uso wa huruma, huenda ana panga nyuma. Baadaye wapiganaji huonekana usiku, wengi pamoja, wakizingira nyumba ya mlowezi, na nadra sana mmoja wao kupewa nafasi ya kueleza anapigania nini. Filamu inaye daktari Mwafrika mwema, Peter Karanja, aliyeigizwa na Earl Cameron. Wema wake, hata hivyo, unapimwa kwa umbali aliokaa na watu wake, na mwisho anauawa.

Sasa weka filamu hiyo kando ya hesabu. Walowezi wa Kizungu waliouawa katika miaka yote ya hali ya hatari walikuwa 32. Wapiganaji waliouawa, kwa hesabu ya serikali ya kikoloni yenyewe, walizidi 11,000. Waliotiwa kitanzi ni zaidi ya elfu moja. Raia Waafrika waliouawa na Mau Mau nao ni wengi, na haifai kulificha hilo. Lakini nani alistahili kuwa zimwi la sinema, ukihesabu maiti?

Miaka miwili baadaye ikatoka *Something of Value* ya Richard Brooks, Rock Hudson akiwa mlowezi na Sidney Poitier akiwa Kimani, vijana waliolelewa pamoja kama ndugu. Hii angalau inajaribu kueleza sababu. Kimani anapigwa kofi mbele ya watu, baba yake anafungwa kwa jambo la mila, naye anaingia msituni. Mtu mmoja anapewa uso na sababu, na papo hapo hofu inageuka kuwa majonzi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya alama 6 na alama 25 kwenye swali la tano.

Ukiwa Ruring'u unaweza kwenda mwenyewe ukaona mambo yalivyokuwa. Makumbusho ya Nyeri yako hapo, katika jengo lililokuwa mahakama ya Waafrika enzi za ukoloni. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 sehemu za Tetu, akahukumiwa hapo Nyeri, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Picha yake akiwa amelazwa na pingu mikononi ilisambazwa na serikali ili kila mtu aone kwamba zimwi limeshikwa. Na uwanja wa Ruring'u ndipo wapiganaji walipokusanyika Desemba 1963 walipotoka msituni kuweka silaha chini. Walitoka na nywele ndefu na nguo za ngozi, wembamba kwa njaa na baridi ya miaka. Mtu aliyewajua kwa sinema tu angekimbia. Mama zao waliwakumbatia.

Sisi Pwani hatuko nje ya kisa hiki

Msomaji wa Pwani asiseme hayo ni ya bara. Manyani, Mackinnon Road, Hola na Takwa katika kisiwa cha Manda, mbele ya Lamu, zote zilikuwa sehemu za kuwafungia waliokamatwa bara. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina katika wilaya ya Nyeri, alipitia Takwa na Hola. Shajara yake ya kizuizini, aliyoiandika kwa Kikuyu, ilipata Tuzo ya Noma ya mwaka 1984.

Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa na askari hadi wakafa kwa kukataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji! Ukimpa mwandishi wa filamu za kutisha mwaka mzima, hawezi kubuni sentensi yenye kuogofya kuliko hiyo. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 waliotendewa ukatili kizuizini. Wakati huo *Simba* ilikuwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Kuna na kisa chetu kingine: simba wa Tsavo. Mwaka 1898 simba wawili madume waliwala wajenzi wa reli iliyokuwa ikitoka Mombasa. Hollywood imekigusa kisa hicho zaidi ya mara moja. *Bwana Devil* ya mwaka 1952 ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya Kimarekani kutazamwa kwa miwani ya 3D. *The Ghost and the Darkness* ya mwaka 1996, pamoja na Val Kilmer na Michael Douglas, ilipata Oscar ya uhariri wa sauti, na kwa haki. Ile sauti ya nyasi zinazotingishika inatosha kukunyima usingizi.

Lakini jaji aulize. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya marefu shingoni, ilhali wa Tsavo hawakuwa nayo. Mwindaji wa Kimarekani aliyeigizwa na Douglas hakuwahi kuwapo. Kanali Patterson, aliyewapiga risasi simba hao Desemba 1898, alikuja kudai kuwa walikula watu 135. Uchunguzi wa mifupa na nywele zao uliotangazwa mwaka 2009 ulikadiria kama 35. Simba wenyewe wako katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago. Na wakati wote tunaogopa simba, tunasahau kwamba katika vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kujenga reli ile, karibu 2,500 walikufa, wengi wao kwa maradhi. Muuaji mkubwa alikuwa kazi yenyewe na makambi yake. Simba wawili wakabebeshwa hofu yote, na wenye reli wakatoka safi.

Zinazotoa hofu kwa haki

Isidhaniwe kwamba nazipinga filamu za kutisha. Ikiwa katika mikono mizuri, filamu ya kutisha husema ukweli ambao nyingine huuzunguka.

Chukua *Night of the Living Dead* ya George Romero, ya mwaka 1968. Wafu wanafufuka na kuwala walio hai. Watu wachache wanajifungia ndani ya nyumba, na anayewaongoza ni kijana mweusi, aliyeigizwa na Duane Jones. Anapigana usiku kucha na kupona. Asubuhi wanakuja watu wenye bunduki kusafisha eneo, wanamwona dirishani, wanampiga risasi. Filamu yote ilikuwa ikikuelekeza uogope maiti wanaotembea, na dakika ya mwisho unatambua kwamba ulipaswa kuwaogopa wale walio hai wanaojiita waokozi.

*Get Out* ya Jordan Peele ya mwaka 2017 ina zawadi maalumu kwetu. Wimbo wake wa mwanzo, uliotungwa na Michael Abels, una maneno ya Kiswahili na unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga". Kijana mweusi anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba wake Mzungu. Watazamaji wa Marekani waliisikia sauti ile kama mnong'ono wa ajabu tu. Msomaji wangu atakayeitazama ataelewa kwamba wahenga wanamwonya kijana akimbie tangu dakika za mwanzo, na yeye hasikii. Mara moja katika historia ya Hollywood, Mswahili ndiye aliyekaa kiti cha mbele. Filamu hiyo ilipata Oscar ya mswada bora mwaka 2018.

Kwa upande wa Kenya, tunayo *Shimoni* ya Angela Wanjiku Wamai ya mwaka 2022, iliyoshinda tuzo ya tatu katika FESPACO ya 2023 kule Burkina Faso. Si Shimoni yetu ya Kwale yenye mapango ya watumwa, ni kijiji cha bara. Mwalimu wa zamani anatoka jela na kurudishwa huko, na kivuli kilichomtisha tangu utotoni kinamsubiri. Filamu haina haraka na haimwagi damu ovyo. Inamwonyesha mtu aliyefanya ubaya na pia aliyefanyiwa ubaya, na kukuachia mwenyewe useme zimwi ni nani.

Kikaratasi changu kinasoma hivi, katika 100. *Get Out* 92. *Night of the Living Dead* 88. *Shimoni* 82. *The Ghost and the Darkness* 64. *Simba* 50, ambapo 44 ni za ufundi na 6 ni za swali la tano. Unaweza kubishana nami kwa kila alama, na hiyo ndiyo faida ya kikaratasi.

Popobawa na wazee wenye mvi

Kuna atakayesema: Bwana we, hiyo ni michezo tu, nani atamdhuru mtu kwa sababu ya filamu? Jibu langu ni kwamba hofu haikai ndani ya skrini, na sisi Pwani tunalijua hilo kuliko wengi.

Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipoanza Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu walilala nje kwa makundi, wakiwasha moto na kukesha. Katika taharuki hiyo, huko mjini Zanzibar, mtu mwenye maradhi ya akili alipigwa na umati hadi akafa kwa kudhaniwa ndiye popobawa. Popobawa hajakamatwa mpaka leo. Aliyekufa alikuwa binadamu, mgonjwa, aliyehitaji hospitali.

Na huku kwetu Kilifi, kwa miaka mingi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mvi, ambazo kwa mila zetu zilikuwa taji, zimekuwa hatari ya maisha. Nyuma ya shutuma nyingi kuna ugomvi wa shamba. Kule Kaya Godoma, Ganze, paliwekwa kituo cha kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao, wakiwaogopa watoto na wajukuu wao wenyewe.

Sasa fikiria kijana wa kijiji hicho ametazama filamu kumi za video, na katika kila moja mchawi ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Filamu za majini, mizimu na uchawi zimejaa Afrika Mashariki tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi wa Tanzania alipotoa *Nsyuka* na *Shumileta*, zikifuata njia iliyofunguliwa na Nollywood. Majini ni sehemu ya hadithi zetu tangu zamani na wala siwalaumu waliozichezea. Ninachosema ni kwamba mwandishi anayemfanya kila mzee kuwa mchawi anafanya kazi ileile iliyofanywa na *Simba*: anamfundisha mtazamaji amwogope mtu asiye na ulinzi, na anamwachia mwingine panga.

Kijana wa Kilifi au Kwale anayetaka kutengeneza filamu ya kutisha, hadithi anayo. Aandike kuhusu bibi anayesikia wajukuu wakinong'ona uani usiku, wakigawana shamba lake akiwa hai. Hakuna jini ndani yake, na nakuhakikishia ukumbi mzima utashika vikono vya viti.

Ukitaka kuandaa wikendi yenu

Kwa vijana walioko Nyeri, au popote, wanaotaka kujaribu jambo hili, haya ni ya kuzingatia.

Sheria kwanza. Kuonyesha filamu hadharani Kenya kunahitaji ruhusa, na filamu iwe imeainishwa na bodi ya KFCB. Madaraja ni manne: GE ni ya kila mtu, PG ni ya watoto wakiwa na uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Filamu nyingi za kutisha huangukia mawili ya mwisho, kwa hivyo usiku huo watoto wabaki nyumbani. Omba pia idhini ya mwenye filamu. *Night of the Living Dead* haina hakimiliki Marekani, kwa kuwa nakala zake za kwanza zilitoka bila tangazo la hakimiliki. Ndiyo maana huonyeshwa sana na vikundi visivyo na fedha, lakini ruhusa ya bodi bado ni lazima.

Filamu zisizidi tano kwa siku zote tatu, maana masikio na moyo huchoka, na filamu ya sita haitahukumiwa kwa haki. Acheni nafasi ya sala na ya chakula. Baada ya kila filamu, taa ziwake na watu wazungumze dakika ishirini kabla ya kikaratasi kukusanywa. Ukumbini wakaribisheni wazee wa Nyeri waliokuwa watoto wakati wa hali ya hatari. Onyesheni *Simba* mkiwa nao, muwape wao neno la kwanza. Na ninyi mliotoka Pwani, bebeni sweta. Nyeri ya mwezi wa Julai inatisha kuliko filamu yoyote niliyoitaja hapa.

Mwisho, alama za ufundi mwachie kila mtu apime kwa jicho lake, ila swali la tano lijadiliwe kwa sauti, na pasiwe na anayeondoka bila kulijibu. Wako watu ambao wamelipia majibu mabaya ya swali hilo kwa damu yao, Nyeri, Zanzibar na Kilifi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa zimwi.